Nitaizungumziaje kwa Kiingereza tamthilia ninayoipenda? Naomba ushauri

MapokeziMbeya

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie namna ya kuizungumzia kwa Kiingereza tamthilia ninayoipenda. Sihitaji insha ya kukariri. Ninachohitaji ni mazungumzo ya kawaida, kama yale wanayoyafanya watu wawili waliokaa jioni bila haraka, mmoja akiuliza na mwingine akieleza, kisha wakabadilishana.

Ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya kulala wageni hapa Mbeya mjini. Wageni wetu wa kutoka nje wengi wao ni wasafiri walioshuka treni ya TAZARA, ambao hulala kwetu kabla ya kuteremka Kasumulu kuingia Malawi, na wengine huwa wanatokea Zambia kupitia Tunduma. Kiingereza cha kazi ninakimudu vizuri: ninaandikisha mgeni, ninamweleza bei na saa za kifungua kinywa, ninamwelekeza magari ya Tukuyu yanakopatikana. Shida inaanza kazi inapokwisha. Pale mapokezi kuna televisheni, na zamu za jioni tunapenda kuangalia Sultan, ile tamthilia ya Kituruki inayomhusu Sultan Suleiman na Hürrem, ambayo Azam TV iliirusha ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ninairudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu kwangu hakuna mhusika wa televisheni aliyewahi kunigusa kama Hürrem: msichana aliyeletwa kama mtumwa, asiye na mama wala ndugu wa kumtetea, akasimama kwa akili yake mwenyewe katikati ya jumba lililojaa watu waliomtakia mabaya.

Wageni wakikaa kusubiri chakula huitazama, kisha huniuliza inahusu nini na kwa nini ninaipenda. Moyoni ninayo mengi ya kusema, lakini mdomoni hutoka “It is very good”, na baada ya hapo mgeni anarudi kwenye simu yake. Ningependa mazungumzo hayo yaendelee, kwa ajili ya kazi yangu na pia kwa sababu tamthilia hii ninaipenda kwa dhati na ninatamani wengine waijue.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, inafaa kuzungumzia kwa Kiingereza tamthilia niliyoiangalia kwa Kiswahili, au ni lazima nitafute ya Kiingereza? Mwenzangu wa zamu anashikilia kwamba mtu hawezi kusimulia kwa Kiingereza jambo alilolisikia kwa Kiswahili, na kwamba kila nikijaribu nitakuwa ninatafsiri tu. Pili, nianzie wapi? Hadithi yenyewe ni ndefu, ina wake na masuria, watoto wa sultani, mama mkwe, mawaziri, vita vya Ulaya na njama za ndani ya jumba, na kila nikifikiria kuanza mwanzo ninajiona nitamchosha mgeni kabla sijafika Hürrem anapoingia. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Kusoma na kuandika Kiingereza hakunipi tabu, kuongea ndiko kunakonishinda. Natanguliza shukrani.

MwalimuKihesa

Dada, salamu kutoka Iringa. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza ninalijibu bila kusita: zungumzia Sultan. Mgeni amekuuliza kuhusu kile mnachokitazama pamoja wakati huo huo, na ameona usoni mwako kwamba unakipenda. Ukikiacha ukaenda kujifunza tamthilia nyingine kwa sababu tu ni ya Kiingereza, utakuwa na maneno bila kuwa na la kusema, na hali hiyo ni ngumu zaidi kuliko kuwa na la kusema huku maneno yakipungua. Tena tamthilia yenyewe haikuigizwa kwa Kiingereza. Ilianza kurushwa Uturuki mwezi Januari 2011, ikamalizika mwaka 2014, na ikauzwa katika nchi nyingi, ambako watu wameifuata kwa lugha zao. Mwingereza anayeifahamu kwa jina la “Magnificent Century” naye ameifuata kwa tafsiri. Kama hoja ya mwenzako ingekuwa sahihi, basi nje ya Uturuki asingepatikana mtu wa kuizungumzia.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Sisi tumelelewa na masimulizi yanayofuata mstari: akaondoka, akafika, akamkuta, akamwambia. Ile “-ka-” yetu inaibeba hadithi kwa raha na msikilizaji hachoki. Ukiihamishia namna hiyo kwenye Kiingereza inageuka “and then, and then, and then”, na mgeni asiyewajua watu wenyewe anapotea njiani. Katika mazungumzo ya Kiingereza, mtu akiulizwa “What's it about?” hatarajiwi kusimulia kisa tangu mwanzo. Anatarajiwa kusema ni kipindi cha aina gani, kinatokea wapi na lini, na ni akina nani ambao mambo yote yanawazunguka, basi. Kwako wewe itakuwa hivi: “It's a Turkish historical drama. It's set in Istanbul in the sixteenth century. It's about a sultan and a slave girl who becomes his wife.” Hapo unanyamaza. Vita vya Ulaya viache, mawaziri waache, hata mama mkwe mwache kwanza. Mgeni atachagua mwenyewe anachotaka kukijua: mmoja atauliza kama ni kisa cha kweli, mwingine atauliza huyo mtumwa alifikaje pale, na wewe utajibu alichouliza na kukomea hapo, ili apate nafasi ya kuuliza tena. Ninalisisitiza hili la kunyamaza kwa sababu ndilo gumu kuliko yote kwa mtu anayeipenda hadithi yake.

Angalia nyakati pia. Yanayotokea ndani ya tamthilia husimuliwa kwa wakati uliopo, hata kama kisa ni cha karne ya 16: “She arrives at the palace as a slave. She learns fast. She makes enemies.” Historia yenyewe, iliyo nje ya tamthilia, inachukua wakati uliopita: “Suleiman ruled from 1520 to 1566.” Na habari zako wewe mtazamaji zina namna yake: “I've been watching it since last year”, ikiwa bado unaendelea, au “I finished it last month”, ikiwa umeimaliza. Ukizitenganisha njia hizi tatu, mgeni atatambua bila kuuliza ni lini unaongelea tamthilia, ni lini unaongelea historia na ni lini unajiongelea mwenyewe. Wanafunzi wangu wengi huanza na wakati uliopo, wakafika katikati wakaingia wakati uliopita, wakarudi tena. Mtu wa kusahihisha karatasi ataelewa, ila mtu anayesikiliza huku akitazama picha atachanganyikiwa.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye maandishi huwa tunaliona na kulirekebisha, lakini katika kuongea linatuponyoka kabisa. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Tunasema “anampenda” na yameisha. Kiingereza kinadai uchague, na ulimi wetu ukienda kasi huchagua ovyo. Chukua Mahidevran, yule mwanamke mwingine wa sultani: sema “Mahidevran hates Hürrem because the sultan loves him”, na mgeni ataanza kumtafuta huyo mwanamume mwingine ametokea wapi. Katika tamthilia yenye wanawake wengi kama hii, hata “she” iliyo sahihi haitoshi, maana inaweza kuwa Hürrem, Mahidevran, mama yake sultani au dada yake. Dawa yake ni kutaja majina, hata yakijirudia mara nyingi. Hakuna mgeni atakayekulaumu kwa kurudia jina, na kwako wewe kila jina ni nafasi ya kupumua na kuipanga sentensi inayofuata.

Sasa nije kwenye “very good”. Si kosa la lugha, ila haimpi mwenzako pa kushika. Uliyotuandikia hapo juu kuhusu Hürrem ndiyo mgeni anayotaka kuyasikia, na Kiingereza chake si kigumu: “What I like most is Hürrem. She has no family there and nobody to protect her, so she has to be clever.” Nimechukua maneno yako mwenyewe bila kuongeza langu. Yaseme kwa sauti ukiwa peke yako, mara kwa mara, mpaka mdomo uyazoee, na uangalie miisho: “watched” inaishia kwa sauti ya t, “loved” inaishia kwa d, na “started” ndiyo inayoongeza silabi. Ulimi uliozoea Kiswahili hupenda kufunga kila neno kwa irabu, ndiyo maana “watched” hutoka “wochidi”. Mgeni mmoja mmoja ataelewa, lakini maneno hayo yakifuatana matatu au manne katika sentensi moja, masikio yake yatachoka.

KijanaMafinga

Shikamoo Mwalimu. Dada, ninakubaliana na Mwalimu kwamba uzungumzie Sultan, ila kuna upande ambao ninaona haujapewa uzito wake. Kuongea kunaanzia masikioni. Ikiwa Hürrem umemsikiliza kwa Kiswahili tu, basi la kusema unalo, lakini hujapata mahali pa kusikia watu wakijibizana kwa Kiingereza kuhusu mambo ya kawaida ya maisha.

Kwa hilo ninapendekeza Friends, na ninaitetea kwa moyo wote ingawa ni ya zamani. Ilirushwa Marekani kuanzia mwaka 1994 hadi 2004, misimu 10, jumla ya sehemu 236, na sehemu ya kawaida haifiki nusu saa. Ni vijana sita wa New York, na karibu muda wote wanafanya jambo moja: wanakaa mkahawani au sebuleni wanaongea. Hakuna farasi wala mapanga, hakuna muziki mzito unaofunika sauti, na sentensi zao ni fupi. Tamthilia za uhalifu na za kivita, ambazo ndizo zinazopendwa sana kwenye vibanda vyetu vya kuuzia filamu, zina Kiingereza cha amri na vitisho. Mtu anaweza kuziangalia mwaka mzima akajifunza namna ya kumtishia mateka tu.

Ninachokithamini zaidi katika Friends ni kwamba mmoja akisimulia, wengine hawanyamazi kama darasani. Wanatia maneno madogo madogo: “Really?”, “No way!”, “Then what?”, “I know!” Maneno hayo yanafanya kazi ile ile inayofanywa na “enhee”, “kweli?” na “hebu nieleze” za kwetu. Sisi tukiongea Kiingereza huwa tunayasahau, tunamkodolea macho msemaji kwa heshima, na yeye anadhani tumechoka au hatuelewi.

Namna ninavyofanya mimi ni kuchukua dakika chache tu za sehemu moja, kuziangalia mara ya kwanza bila maandishi, kisha nikaweka maandishi ya Kiingereza, si ya lugha nyingine, halafu nikaisimamisha kila sentensi na kuirudia kwa kasi ile ile waliyoitumia. Utani wao mwingine unategemea mambo ya Marekani ya miaka hiyo na hautakuchekesha. Uruke, uendelee mbele.

MapokeziMbeya

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Nimezisema zile sentensi tatu kwa sauti nikiwa jikoni, na nimeona kwamba ugumu haukuwa kwenye maneno, maana yote ninayajua. Kaka wa Mafinga, nashukuru pia, Friends nitaitafuta.

Nina nyongeza mbili. Baada ya mimi kueleza, nimrudishieje mgeni swali ili na yeye aongee, bila kuonekana ninamhoji kama polisi? Na ikiwa amevutiwa nayo akasema atakwenda kuitafuta, je, nimweleze mwisho wake, au nimwachie? Wengine huwa wanauliza kabisa kama Hürrem alishinda.

DerevaRuaha

Dada yangu, hilo la kurudisha swali ndilo linaloniwekea mkate mezani, kwa hiyo acha nikueleze kwa kirefu kidogo. Ninaendesha wageni kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda peke yake, na kabla hamjafika kwenye wanyama kuna saa nyingi za barabara ambazo lazima zijazwe na maneno. Siasa haifai, dini haifai, mishahara haifai. Televisheni inafaa, kwa sababu karibu kila mtu ana kitu anachokitazama na anapenda kuulizwa.

Swali linalofunga mazungumzo ni lile linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Ukimuuliza “Do you like TV?”, atajibu ndiyo, na kimya kinarudi. Muulize “What do you watch back home?” na lazima ataje kitu. Akishataja, usihame, uliza juu ya hicho hicho alichokitaja: “Who's in it?”, “Where's it set?”, “What do you like about it?” Ukiangalia utaona haya ni maswali yale yale aliyokuuliza yeye kuhusu Sultan. Polisi anauliza maswali mfululizo na yeye mwenyewe hasemi lolote. Wewe weka la kwako katikati: akikuambia anapenda tamthilia za mahakamani, mwambie kwamba wewe huvutiwa na watu wenye akili kama Hürrem, kisha ndipo umuulize linalofuata. Hapo hakuna anayehojiwa.

Nitakupa mfano wa kweli. Wageni wangu wengi ni Waingereza, na wengi wao wanapenda vipindi vya wanyama vya BBC vinavyosimuliwa na David Attenborough. Kimoja wanachokitaja sana ni Dynasties cha mwaka 2018, ambacho kila sehemu yake inafuata jamii moja ya wanyama, na sehemu moja ni ya mbwa mwitu wa Mana Pools kule Zimbabwe. Kuna jike kiongozi aliyepewa jina la Tait, na binti yake mwenyewe aitwaye Blacktip anakuja na kundi lake kumnyang'anya mama eneo. Ruaha nako mbwa mwitu wapo, kwa hiyo mgeni akikitaja kipindi hicho nami huwa nina la kuongeza kutoka katika kazi yangu: wanavyowinda kwa kushirikiana, na jinsi watoto wanavyolishwa na kundi zima. Mama mmoja wa Uingereza alinisimulia habari za Tait na Blacktip kwa uchungu kana kwamba ni majirani zake. Nikamwambia kwamba mke wangu anapenda Sultan, na kwamba humo pia kuna wanawake wanaogombea jumba moja kwa ajili ya watoto wao, na kila mmoja anajua kwamba atakayeshindwa, mwanawe hatasalimika. Kutoka hapo tuliongea mpaka getini, na yeye ndiye aliyekuwa anauliza: ni nani mkubwa, ni nani ana watoto wangapi, sultani anamsikiliza nani. Mimi Sultan nimeiangalia kwa vipande tu nikiwa nyumbani, lakini ilitosha.

Kuhusu mwisho wake, usiuseme mpaka uombwe, na hata ukiombwa, uliza kwanza: “Are you going to watch it? I don't want to spoil it.” Wageni wanalichukulia jambo hili kwa uzito sana, pengine kuliko sisi ambao hupenda kusimuliana mpaka mwisho na bado tukakaa kuiangalia. Nimewahi kuona abiria wawili wa gari moja wakinuniana nusu ya safari kwa sababu mmoja alitaja nani anakufa. Akikujibu kwamba hana mpango wa kuiangalia, msimulie.

Nikuongezee na hili kwa sababu litakukuta tu. Mwingereza akikuambia “I've only seen the first series”, anamaanisha msimu wa kwanza. Mmarekani angesema “the first season”. Tumia yoyote kati ya hayo, wote watakuelewa.

MuuguziTukuyu

Kwa kuwa swali hili linaweza kusomwa na wengine wanaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, naomba niongeze machache. Sehemu ya kuongea ya mtihani huo ina hatua tatu na huchukua dakika 11 hadi 14. Katika hatua ya pili unapewa kadi yenye mada, una dakika 1 ya kujiandaa ukiwa na karatasi na penseli, kisha unaongea peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Kipindi cha televisheni unachokipenda ni miongoni mwa mada ambazo watahiniwa hujiandaa nazo sana. Msimamizi anapima mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna alama inayotolewa kwa sababu tamthilia yako ni ya Kiingereza, wala inayokatwa kwa sababu ni ya Kituruki au ya Kitanzania.

Mimi nilizungumzia tamthilia ya hapa nyumbani, inayohusu familia inayogombania nyumba ya urithi, na kilichonisaidia ni kwamba msimamizi hakuwa anaijua. Kila nilichosema kilikuwa kipya kwake, na sikuwa na hofu kwamba anailinganisha na alichokiona yeye. Tofauti ya hapo na mapokezi kwako, dada, ni kwamba kwenye hatua ya pili ya mtihani hukatizwi, kwa hiyo ile kanuni ya Mwalimu ya kusema kidogo na kunyamaza haifai pale. Lazima uwe na la kuendeleza mpaka usimamishwe. Kwenye ile dakika 1 ya maandalizi niliandika majina ya wahusika tu, mwanamume upande mmoja na mwanamke upande mwingine, ili “he” na “she” zisinichanganye.

MwalimuKihesa

Muuguzi, hilo la kuyatenga majina pande mbili nitalipeleka darasani, nakushukuru.

Dada wa mapokezi, nikuongezee la Hürrem mwenyewe. Wageni wengi wa Ulaya hawalijui jina hilo, lakini waliosoma historia wanamjua kwa jina la Roxelana, na Suleiman wanamwita “Suleiman the Magnificent”. Kwa hiyo mgeni akisema “I've never heard of it”, usikate tamaa, mwambie: “You may know her as Roxelana.” Huenda ukamwona anafunguka pale pale, kwa kuwa Hürrem alikuwepo kweli katika historia. Wanahistoria wanaamini alitokea nchi ambayo leo ni Ukraini, akaolewa rasmi na sultani, jambo lililowashangaza watu wa zama zile kwa sababu masultani hawakuwa na desturi ya kuwaoa masuria wao, na akafariki mwaka 1558, miaka minane kabla ya mumewe.

Na akikuuliza kama tamthilia inasema kweli, hapo ndipo pazuri pa kutoa maoni yako, kwa sababu hata Uturuki kwenyewe hawakukubaliana. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, ambaye wakati huo alikuwa waziri mkuu, aliikosoa hadharani kwa namna ilivyomwonyesha sultani zaidi ndani ya jumba na wanawake kuliko vitani. Unaweza kulieleza hivi: “Some people in Turkey thought it wasn't fair to Suleiman. I can see why, but it's a drama, and I watch it for the people.” Sentensi hiyo ina kitu ambacho “very good” haina: inaonyesha kwamba umesikia upande wa pili na bado una msimamo. Badilisha sehemu ya mwisho iwe sababu yako mwenyewe, si yangu.

Jambo la kuzungumzwa pia ni waigizaji. Meryem Uzerli, aliyemwigiza Hürrem tangu mwanzo, aliondoka mwaka 2013, na msimu wa nne Vahide Perçin akaichukua nafasi hiyo. Watazamaji bado wanabishana ni nani aliyeifanya vizuri zaidi. Wewe uliyeirudia mara nyingi lazima una jibu, na mgeni ukimwambia “They changed the actress, and I preferred the first one”, au wa pili kama ndivyo unavyoona, swali atakalouliza mara moja ni “Why?” Andaa jibu la hilo kabla ya zamu yako ya jioni.